Tutafute chanzo kabla ya kutafuta mkosaji

Hotuba iliyotolewa mbele ya viongozi wa jamaa zilizohama na viongozi wa mitaa inayozipokea, kuhusu mafuta yanayovuja chini ya udongo na kuharibu maji ya visima



Mmetuita tuzungumze juu ya amani, nasi tumekuja kuzungumza juu ya tanki lenye kutu. Msishangae. Tutawaeleza jambo lililotupata katika kazi yetu, kisha tutaeleza namna mafuta yanavyoingia katika maji, mambo ya kufanya siku ya kwanza, na namna udongo na maji vinavyosafishwa. Tunaomba mtusikilize kwa uvumilivu, kwa maana sehemu ya kwanza ni ungamo la kosa letu sisi wenyewe.

Kisima kilichonuka

Mji wenyewe uko pembeni ya Ziwa Tanganyika. Hatutautaja jina, wala hatutamtaja mtu, kwa sababu watu wale bado wanakaa pamoja na tunapenda waendelee kukaa pamoja.

Katika mtaa mmoja wa mji huo jamaa nyingi zilizokimbia vita zilipokelewa, nyingine katika kiwanja cha kanisa, nyingine ndani ya nyumba za wenyeji. Kisima cha karibu kilikuwa kimoja, na wote walichota hapo. Kamati ya maji ilikuwa na mama watatu wa wenyeji na mama watatu wa wakimbizi. Sisi tulikuwa tukiwataja katika mikutano yetu kama mfano mwema.

Mwisho wa majira ya mvua maji yakaanza kunuka. Kwanza harufu ilikuwa ndogo, mtu akidhani ni bidoni yake. Baada ya siku chache kila mmoja aliitambua: ni harufu ya esanse. Ukimimina maji ndani ya beseni unaona juu yake utando unaong'aa rangi nyingi.

Sasa, vijana wanne wa wakimbizi walikuwa wakiuza esanse katika chupa kando ya barabara, wale tunaowaita kadafi. Wenyeji wakasema: «Ni hao. Wanaoshea bidoni zao kisimani.» Wakimbizi wakajibu: «Ni ninyi mmetia sumu ili tuondoke.» Ninyi mnajua kwamba kwetu neno «sumu» si neno dogo. Siku ya tatu mama mmoja alivunjiwa bidoni zake. Siku ya nne mawe yalirushwa, na kijana mmoja akapasuka kichwa.

Ndipo wakatuita. Tulikalisha pande mbili chini ya mwembe kwa siku tatu. Tulizungumza juu ya umoja, juu ya kusameheana, juu ya ukaribisho wa mababu. Hakuna hata mmoja wetu aliyeinama kisimani kuuliza maji yana nini. Siku ya tatu vijana wale wanne, kwa kuchoka na kwa woga, wakasimama na kuomba msamaha. Mbuzi akachinjwa. Picha zikapigwa, na sisi tukaandika ripoti nzuri.

Majuma mawili baadaye harufu ilikuwa imezidi, na kisima cha pili kikaanza kunuka.

Swali la fundi wa pompi

Mzee mmoja fundi wa pompi ndiye aliyetusaidia. Alituuliza: «Maji ya chini yanatoka wapi, na yanakwenda wapi?» Hatukuweza kumjibu. Akasema mara nyingi maji yaliyo chini ya udongo hufuata mteremko wa nchi, polepole, kutoka mlimani kuelekea ziwani. Halafu akatuambia tuache maneno, tutembee.

Tulizunguka visima vyote vinane vya mtaa, mwenyeji mmoja na mkimbizi mmoja wakiandika pamoja. Vitatu vilikuwa na dalili: viwili vilinuka, na cha tatu kilikuwa na utando mwembamba. Tulipochora ramani kwa kijiti mchangani, vile vitatu vilikuwa katika mstari mmoja unaoshuka kuelekea ziwani. Tukaufuata mstari huo kupanda juu. Tukafika katika kiwanja ambapo kabla ya vita palikuwa na ghala la mafuta. Matanki ya zamani yalikuwa bado yamezikwa pale, na mfanyabiashara mmoja alikuwa ameanza tena kuweka esanse ndani ya tanki moja bila kulipima kwanza.

Mfanyabiashara huyo hakuwa na nia mbaya. Alikuwa anaona esanse yake inapungua, na alikuwa amekwisha kumfukuza mlinzi wake akidhani ni mwizi.

Na vijana wale wanne? Mahali pao pa kuuzia palikuwa upande wa chini, karibu na ziwa. Hata kama wangemwaga esanse yao yote, maji ya chini yasingepanda mlima kuipeleka kisimani. Sisi tuliwasimamisha mbele ya watu wote waombe msamaha kwa jambo ambalo hawakulifanya. Tulirudi kwao kuwaomba radhi, mbele ya watu walewale. Watatu tuliwakuta. Wa nne alikuwa amekwisha kuondoka na mama yake kwenda kutafuta mahali pengine pa kukaa.

Ndiyo sababu tunasimama hapa leo.

Mafuta yanafanya nini chini ya udongo?

Tanki la chuma likizikwa bila kinga linaliwa na kutu. Mara nyingine tanki ni zima, lakini bomba linalounganisha tanki na pompi limelegea. Mara nyingine mafuta hufurika wakati lori linapojaza tanki. Kwa kuwa yote hayo yako chini, hakuna anayeona.

Tuseme ni tone moja tu kwa kila sekunde. Kwa siku moja ni zaidi ya lita 4. Kwa mwaka ni zaidi ya lita 1,500.

Mafuta hayo hushuka katika mchanga. Sehemu moja hushikamana na udongo. Sehemu nyingine hugeuka mvuke na kupanda, ikaingia hata katika mashimo ya vyoo na vyumba vya chini. Inayobaki hufika kwenye maji na kuelea juu yake, kwa sababu esanse na mazutu ni nyepesi kuliko maji. Kisha sehemu fulani za mafuta huyeyuka ndani ya maji na kusafiri nayo. Mvua ikinyesha sana, maji ya chini hupanda na kuyasukuma mafuta. Ndiyo maana watu wengi husikia harufu kwa mara ya kwanza majira ya mvua.

Kati ya vitu vinavyoyeyuka, kimoja ni kibaya sana: benzeni. Ukiinywa au kuivuta kwa muda mrefu inaweza kuleta kansa ya damu. Shirika la Afya Duniani (WHO) limeweka kipimo cha mwisho katika maji ya kunywa: sehemu 10 za milioni za gramu kwa lita moja. Esanse ikiwa na benzeni ya asilimia 1 tu, benzeni iliyomo katika lita moja ya esanse inatosha kuharibu zaidi ya lita 700,000 za maji, yaani bidoni 35,000 za lita 20.

Jambo lingine mlijue: pua haitoshi. Maji yanaweza kuwa na benzeni kupita kipimo na mtu asisikie harufu yoyote. Kisima cha jirani kikinuka, chako kisichonuka nacho kipimwe.

Mambo ya kufanya siku ya kwanza

Harufu ya mafuta ikitokea kisimani, tunaomba kila kamati ifanye haya:

1. Fungeni kisima mara moja, kwa kamba na kwa alama inayoeleweka hata na mtoto. Msingoje wataalamu.

2. Waambieni watu wote kwa wakati mmoja, wenyeji na wakimbizi, kwa maneno yaleyale. Upande mmoja ukijua kwanza, upande wa pili utadhani umefichwa kitu.

3. Msidanganyike na kuchemsha. Kuchemsha huua vijidudu, lakini mafuta hugeuka mvuke mnaouvuta ndani ya nyumba, na moto unaweza kuwaka. Dawa ya klori haiondoi mafuta. Kuchuja kwa mchanga au kwa kitambaa hakuondoi mafuta. Mkaa wa jikoni pia hautoshi.

4. Moto uwe mbali. Hakuna sigara, jiko wala kibiriti karibu na kisima au choo kinachonuka esanse.

5. Mtu yeyote asishuke ndani ya kisima kutazama. Mvuke wa esanse ni mzito kuliko hewa, hukaa chini, na humwangusha mtu kabla hajapiga kelele. Anayeshuka kumwokoa naye huanguka.

6. Mtu asichote mafuta yanayoelea kwa ajili ya kuuza. Tunaikumbuka Goma, Januari 2002, siku chache baada ya volkeno ya Nyiragongo kulipuka: kituo cha mafuta kililipuka wakati watu walipokuwa wakichota humo, na makumi ya watu wakafa.

7. Chagueni watu wawili, mwenyeji mmoja na mkimbizi mmoja, watembelee visima vyote vya jirani na kuandika: tarehe, harufu, utando, kina cha maji. Watazame pia mahali penye vituo vya mafuta, magaraji na majenereta makubwa, vya sasa na vya zamani. Wazee wa mtaa ndio wanaokumbuka vya zamani.

8. Panga maji mengine siku hiyohiyo. Hapa ndipo ugomvi wa pili unapozaliwa. Bomba likibaki moja, tengenezeni foleni moja. Foleni ya wenyeji na foleni ya wakimbizi ni mawe yanayongoja kurushwa.

Na wenye vituo vya mafuta tunawaomba jambo lisilogharimu kitu. Kila asubuhi pima tanki kwa fimbo na uandike. Yaliyokuwamo jana, ongeza yaliyoletwa, toa yaliyouzwa: jibu lilingane na fimbo. Likipungua siku baada ya siku, lipime tanki lako kabla ya kumfukuza mlinzi wako.

Kusafisha udongo na maji

Watu hutuuliza: «Mkishapata tanki, si mmemaliza?» Hapana, hapo ndipo kazi inapoanza. Ina hatua, na hatua hazibadilishwi nafasi.

Kwanza ni kuzuia. Tanki linaondolewa mafuta yote, na bomba linafungwa. Kusafisha maji huku tanki linavuja ni kukausha nyumba ambayo bati lake limetoboka. Kazi hii si ya salongo. Tanki tupu ni hatari kuliko tanki lililojaa, kwa sababu mvuke uliobaki ndani hulipuka likikatwa kwa moto. Ifanywe na watu waliojifunza kuitoa ile mivuke kwanza.

Pili ni kuondoa mafuta yanayoelea. Wataalamu huchimba mashimo membamba kati ya tanki na visima, na kuyatoa mafuta juu ya maji kidogo kidogo. Kila lita inayotolewa hapo haitayeyuka tena ndani ya maji.

Tatu ni udongo. Udongo ulio karibu na tanki huchimbwa na kutandazwa tabaka jembamba juu ya turubai nzito za plastiki, mbali na nyumba, na kingo zikiinuliwa ili mvua isiusombe. Hugeuzwa mara kwa mara, huwekwa unyevu, na huongezewa samadi. Ndani ya udongo mna vijidudu vidogo sana vinavyokula mafuta, na kwa kazi hiyo vinahitaji hewa, maji na chakula. Mkulima anayejua kutengeneza mbolea anaelewa jambo hili kuliko sisi. Kazi huchukua miezi, na kwa mazutu huwa ndefu kuliko kwa esanse. Kabla ya kupimwa, udongo huo usifyatuliwe matofali wala kupandwa mboga.

Nne ni maji yenyewe. Mahali penye fedha, maji hupompiwa na kupitishwa katika mkaa uliotengenezwa kwa namna ya pekee, nao lazima ubadilishwe ukijaa. Mahali pengine hewa husukumwa chini ya ardhi, au mvuke huvutwa kutoka udongoni kwa mashine. Na mahali pengine, chanzo kikisha kuondolewa, watu huacha vijidudu vifanye kazi polepole huku maji yakipimwa mara kwa mara kwa miaka. Hilo halikatazwi, mradi vipimo vipo na visima vimefungwa kweli. Kungoja bila kupima si kusafisha.

Wengine wamepita njia hii

Msifikiri ni aibu ya nchi maskini. Huko Marekani bunge lilianza kutunga sheria juu ya matanki haya mwaka 1984. Tangu hapo mivujo zaidi ya 500,000 imethibitishwa. Sehemu kubwa imekwisha kusafishwa, lakini makumi ya maelfu bado.

Karibu nasi, katika kaunti ya Makueni nchini Kenya, mwaka 2015 bomba la mafuta kati ya Mombasa na Nairobi lilivuja na kuchafua bonde la mto Thange. Watu waliokuwa wakitegemea mto na visima vile walipoteza maji na mashamba kwa pamoja.

Huko Nigeria, katika nchi ya Waogoni, Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira (UNEP) lilitoa ripoti mwaka 2011. Katika sehemu ya Nisisioken Ogale watu walikuwa wakinywa maji ya visima yenye benzeni zaidi ya mara 900 kuliko kipimo cha WHO. Karibu na hapo, chini ya ardhi, mafuta ya unene wa sentimita 8 yalikuwa yakielea juu ya maji. Ripoti ilisema kuirudishia nchi ile afya yake kunaweza kuchukua miaka 25 hadi 30. Ilionyesha pia kosa la waliosafisha zamani: walishughulikia udongo wa juu tu, na mahali pengi uchafu ukapatikana hata mita 5 chini. Basi mtu akiwaambia amekwisha kusafisha, mwulizeni: «Ulipima mpaka kina gani, na cheti cha maabara kiko wapi?»

Nani alipe?

Katiba ya nchi yetu ya mwaka 2006, katika kifungu cha 48, inahakikisha haki ya kupata maji ya kunywa, na kifungu cha 53 kinasema kila mtu ana haki ya mazingira yenye afya. Sheria namba 11/009 ya tarehe 9 Julai 2011 juu ya mazingira inashika kanuni kwamba anayechafua ndiye anayelipa. Na wakimbizi wa ndani wasiambiwe kwamba haki hizo ni za wenye viwanja peke yao. Kanuni Elekezi za Umoja wa Mataifa za mwaka 1998, katika kanuni ya 18, zinawatajia maji ya kunywa waziwazi.

Lakini tunawaambia pia tuliyojifunza. Mwenye tanki akiogopa kuchomewa nyumba, atafukia tanki usiku na kukana mchana, na hapo maji yenu yamepotea. Katika mtaa ule tulikwenda kwa mfanyabiashara watu sita, watatu na watatu, pamoja na shefu, tukiwa na ramani na daftari ya visima. Hatukwenda na kundi. Alikasirika, kisha alinyamaza muda mrefu, kisha akaleta daftari yake mwenyewe ya mauzo. Esanse iliyopotea ilikuwa imeandikwa humo kwa mkono wake. Siku ile alikubali kuondoa mafuta yaliyobaki. Habari ya kulipa ilichukua miezi mingi, kwa maandishi, mbele ya wakubwa wa serikali, na hakuweza kulipa yote.

Mambo yalivyo leo

Tusiwadanganye kwamba yote yamekwisha. Tanki limetolewa. Udongo ulitandazwa, na mama wa pande mbili waliugeuza kwa zamu, kwa malipo sawa, baada ya wataalamu kusema mvuke umepungua. Yule mlinzi aliitwa tena kazini. Lakini kisima kile bado kimefungwa, na vipimo vinaendelea. Watu wanatembea mbali kuliko zamani kutafuta maji.

Wanatembea pamoja. Siku moja tulimsikia mama mwenyeji akimwambia mtoto aliyeuliza kwa nini kisima kimefungwa: «Tanki lilitoboka.» Hakusema wakimbizi, hakusema sumu. Kwetu sisi jibu hilo lina thamani kuliko ile ripoti tuliyoiandika siku ya mbuzi.

Waheshimiwa, mtarudi katika mitaa yenu na katika viwanja vyenu. Mbwa akifa, mtoto akiugua, maji yakinuka, wa kwanza kushitakiwa ni mgeni. Tunawaomba mkumbuke yule kijana wa nne. Kabla hamjamsimamisha mtu katikati ya baraza, inameni kisimani, tembeeni, chorani ramani mchangani. Baada ya hapo, kama kuna wa kuomba msamaha, mtajua ni nani.

Tumemaliza. 

Maswali ya kuzungumza pamoja

– Katika mtaa wetu, matanki ya mafuta ya sasa na ya zamani yako wapi? Ni nani anayekumbuka?

– Maji ya visima vyetu yanatoka upande gani, na yanakwenda upande gani?

– Kisima chetu kikifungwa kesho asubuhi, tutachota wapi, na nani atasimamia foleni?

– Je, tuliwahi kumshitaki mtu kwa jambo ambalo baadaye tulijua hakulifanya? Tulimrudia?